Tukayaone Magofu kwa Macho Yetu: Maoni ya Mwana wa Kivaa

Makala haya yalianza kwa aibu. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili huko kwetu Kivaa, eneo la Masinga, Kaunti ya Machakos. Mada ya siku ilikuwa asili na chimbuko la Kiswahili. Nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikayataja majina niliyoyakariri chuoni: Kilwa, Pate, Shanga, Gede, Mombasa, Lamu. Nikazieleza nadharia zinazokinzana, nikaandika ubaoni miaka na majina ya wataalamu, na nikawa naona kwamba nimeitendea mada haki yake. Ndipo msichana aliyeketi safu ya nyuma akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, wewe umefika huko?" Nilimjibu kwamba sijafika. Akaketi. Hakucheka, wala darasa halikucheka, na labda wangalicheka ningalipata nafuu.

Mpenzi msomaji, wakati huo nilikuwa nimesoma Kiswahili kwa miaka 8 ya shule ya msingi, 4 ya sekondari na karibu 4 ya chuo kikuu. Nilikuwa nimeandika insha kuhusu Uswahili na Waswahili zisizo na idadi. Lakini sikuwa nimeligusa hata jiwe moja la mji wowote kati ya miji niliyoitaja ubaoni. Na nilipowadadisi wenzangu tuliorudi pamoja chuoni, niligundua kwamba hali yangu ndiyo hali ya walio wengi. Tunaijua Gede kama tunavyoijua tarehe ya mkutano fulani: jambo la kukumbukwa siku ya mtihani.

Dai langu katika makala haya ni moja. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuizuru miji ya kale ya mwambao kabla hajahitimu, aizuru akiwa katika kundi dogo la watu wanaojuana, na akiwa huko asikubali kusimuliwa miji hiyo kwa lugha nyingine.

Naanza na hilo la kundi dogo, kwa kuwa najua litawaudhi baadhi ya viongozi wa vyama vyetu. Ziara tulizozizoea ni za basi la chuo. Watu 60 wanapanda usiku, wanaimba hadi Voi, wanashuka Mombasa macho yamevimba, wanapelekwa Ngome ya Yesu kwa saa moja, wanapiga picha juu ya mizinga, kisha wanakimbilia ufuoni. Nimewahi kusafiri hivyo, na siwezi kudai kwamba sikufurahi. Lakini sikumbuki neno hata moja jipya nililolipata. Katika kundi la watu 60 hakuna anayeuliza swali la kijinga, na aghalabu maswali ya kijinga ndiyo yenye faida. Anayezungumza hupaza sauti ili asikike na walio nyuma, na anayepaza sauti hawezi kueleza jambo lenye utata.

Huko Ulaya biashara ya ziara za siku moja imeshamiri. Mtu aliyefikia London au Paris hukodisha gari na dereva, akatoka na jamaa zake watatu au wanne asubuhi, akazunguka katika vijiji vya zama za kati, akala chakula cha mchana kijijini na kurejea mjini jioni. Watu hulipia fedha nyingi ili wasiwe katika basi la wengi. Nasi tunayo miji na vijiji vya karne hizo hizo, tena umbali wa asubuhi moja kutoka Mombasa, na hatuhitaji pasipoti. (Istilahi yenyewe ya "zama za kati" ni ya Wazungu, kwa historia yao wenyewe. Naitumia kwa sababu msomaji ataielewa upesi, ingawa sijui sisi tulikuwa kati ya nini na nini.)

Basi tuliondoka watu watano: wanafunzi watatu wa isimu, mmoja wa fasihi, na mwenzetu wa jiografia aliyekuja kwa sababu ndiye aliyekuwa na binamu mwenye gari. Tulilala Mombasa kwa jamaa wa mmoja wetu, tukavuka daraja la Nyali kukipambazuka, tukashika barabara ya Malindi. Ramani yetu ilikuwa na vituo vitatu: Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa, Mnarani kwenye hori la Kilifi, na Gede, ambayo iko takriban kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa.

Jumba la Mtwana liko ufuoni kabisa. Ni mji mdogo uliojengwa katika karne ya 14 na kuhamwa mapema katika karne ya 15, kwa hiyo uhai wake ulikuwa mfupi kama wa watu wawili watatu waliofuatana. Hakuna hati ya kale inayoutaja. Hata jina lake, lenye maana ya nyumba kubwa ya mtumwa, yamkini lilibandikwa na watu wa baadaye walioyakuta magofu yasiyo na wenyewe. Kuna nyumba kadhaa na misikiti kadhaa, na mmoja wa misikiti hiyo unaitazama bahari kwa karibu sana hata unaposimama ndani yake unasikia maji yakivunjika mwambani. Tulifika hapo kabla ya wageni wengine. Mwenzetu wa fasihi aliketi juu ya ukuta mfupi kwa muda wa nusu saa bila kusema neno, jambo ambalo si la kawaida yake.

Hapo ndipo nilipolielewa neno "matumbawe". Nilikuwa nalijua tangu shule ya msingi kama msamiati wa bahari. Sikujua kwamba wajenzi wa mwambao waliyatofautisha mawe yao: mawe magumu ya pwani kavu ya kujengea kuta, na matumbawe laini yaliyokatwa baharini na kuchongwa yangali mabichi, kwa ajili ya kibla na mapambo ya milango, kwa sababu yakikauka huwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Boriti zilikuwa za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Mtu anaweza kuyasoma haya vitabuni, nami baadaye niliyasoma. Lakini nilipoupima upana wa chumba kwa hatua zangu, neno "boriti" lilipata uzito ambalo halikuwa nao kamusini.

Mnarani sitakaa sana, ingawa panastahili. Magofu yako kwenye ukingo wa kusini wa hori la Kilifi, pale ambapo watu walikuwa wakivuka kwa feri kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Kuna msikiti, kuna kaburi lenye mnara mrefu lililopapa jina mahali hapo, na kuna mbuyu ambao ni mnene kuliko baadhi ya nyumba za kwetu. Tulikunywa madafu tukaendelea.

Katika mojawapo ya magofu hayo, ambalo sitalitaja kwa kuwa kosa halikuwa la mtu mmoja, tulipokewa na mzee wa makamo aliyeanza kutueleza historia ya mahali hapo kwa Kiingereza. Alikieleza vizuri, kwa mtiririko wa mtu aliyeyasema maneno yale yale mara elfu. Sisi, wanafunzi watano wa chuo kikuu, wanne kati yetu wakiwa wa Kiswahili, tulimsikiliza kwa dakika 10 tukiitikia kwa vichwa. Naomba msomaji alione jambo hilo kama lilivyokuwa. Mswahili, katika mji wa Waswahili, akiwasimulia wanafunzi wa Kiswahili habari za Waswahili, kwa Kiingereza. Na hakuna aliyeona ajabu.

Ni mwenzetu wa jiografia aliyetuokoa. Alisema, "Samahani, mzee, hawa wenzangu wanasomea Kiswahili. Kwa nini usiwaambie kwa Kiswahili?" Mzee alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja.

"Wanangu," akasema, "wageni wote wakija hapa hunisemesha Kiingereza. Hata wenye ngozi kama yangu. Nilidhani ndiyo heshima yenu."

Kuanzia hapo ziara iligeuka kuwa nyingine. Kile alichokuwa akikiita kwa Kiingereza tundu la ukutani kikawa kidaka, na vingi vikawa zidaka, kwa matamshi ya watu wa kaskazini, kisha akatueleza vilivyowekwa humo. Ukumbi wa mbele ukawa daka. Vyumba virefu vilivyofuatana kuelekea ndani ya nyumba vikawa misana, na chumba cha mwisho, cha siri ya mwenye nyumba na mkewe, kikaitwa "ndani" tu, bila nyongeza. Nilizoea kulifundisha neno "ndani" kama kielezi cha mahali. Huko ni jina la chumba. Alituonyesha choo, birika na mahali pa kutawadhia, akatuambia maji yalipita wapi. Alipokosa neno alisita, akalitafuta, na mara mbili alisema, "Hili bibi yangu alikuwa na jina lake, ngoja nikumbuke." Moja alilikumbuka. La pili hakulikumbuka hadi tulipoagana, na aliomba radhi kana kwamba amevunja chombo chetu.

Wanaisimu wenzangu, lile neno la pili ndilo linalonifanya niandike. Tunaandaa makongamano kuhusu uundaji wa istilahi, tunabishana kama tuseme tarakilishi au kompyuta, na huku istilahi za ujenzi, zilizoundwa na kutumiwa kwa karne nyingi, zinamtoka mzee mmoja mdomoni kwa sababu hakuna mtu anayemwuliza kwa lugha yake. Chuo kinacho kinasa sauti, na kila mmoja wetu anayo simu inayoweza kurekodi kwa saa kadhaa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kabla hatujaachana, mzee aliniuliza kwetu ni wapi. Nilisema, "Kivaa, mzee. Machakos." Nilitarajia lile swali la kawaida, la Mkamba amejifunzia wapi Kiswahili. Badala yake alicheka, akasema, "Basi wewe si mgeni. Wakamba walikuwa wakija huku na pembe kabla ya reli."

Ni kweli, na ni jambo ambalo sisi watu wa bara hulisahau tunapojifanya wanagenzi wa lugha ya wengine. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka hadi Rabai na Mombasa ikiwa na pembe za ndovu. Mfanyabiashara mashuhuri kati yao, Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, ndiye aliyempokea Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na mwaka 1851 aliuawa karibu na Mto Tana akiwa safarini na Krapf huyo huyo. Tunamjua Krapf kwa sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1850 na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Tunamsoma katika historia ya leksikografia kana kwamba alikaa mezani Rabai maisha yake yote. Alipita nchi yetu kwa miguu, akikimbia, na nusura afe kwa kiu.

Nikiwa mtoto Kivaa nilijua mambo mawili kuhusu Mto Tana: kwamba ng'ambo yake ni Umbeere, na kwamba mabwawa yake yanatoa umeme ambao kwetu haukuwa umefika. Hakuna aliyeniambia kwamba maji yale yale huingia baharini karibu na Kipini, katika Ghuba ya Ungwana, mahali penye magofu ya mji wa Ungwana, na ambapo masimulizi yanasema Fumo Liyongo alizikwa. Tuliusoma utendi wa Liyongo chuoni kwa muhula mzima. Hakuna aliyeniambia vilevile kwamba Athi, mto wa pili wa Ukambani, ukishuka huitwa Galana na kisha Sabaki, na kwamba wanaisimu walilichukua jina la mto huo kuliita kundi la lugha ambalo ndani yake mna Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Nililijibu swali la kundi la Kisabaki katika mtihani nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba nilikuwa nikiandika jina la mto wa nyumbani.

Sasa Gede. Mji huu haukujengwa ufuoni, uko ndani kidogo kutoka baharini, katikati ya msitu, na kima wanauzunguka kama wapangaji wasiolipa kodi. Eneo lililozungukwa na ukuta wa nje ni takriban ekari 45. Kuna msikiti mkuu, kuna jumba la mtawala, kuna makaburi, na mojawapo lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Mji ulistawi zaidi katika karne ya 15 na kuhamwa mapema katika karne ya 17. Ajabu yake kubwa ni kwamba Wareno, waliokaa Malindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, umbali wa kilomita zipatazo 15 tu, hawakuuandika. Mwezi wa Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, kama ilivyoufanyia mji mkongwe wa Lamu mwaka 2001.

Aliyeichimba Gede kati ya mwaka 1948 na 1958 ni James Kirkman. Kazi yake ilikuwa kubwa na sina haki ya kuidharau. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita Gede mji wa Kiarabu, tena katika anwani yenyewe. Yaani mji ulikuwa wa mawe, ulikuwa na msikiti na vyombo vya Kichina, kwa hiyo haukuweza kuwa wa wenyeji. Fikra hiyo iliingia katika vitabu vya shule, na ukiyasikiliza baadhi ya mazungumzo ya mikahawani ungali unaisikia leo: kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa.

Wataalamu waliofuata wamelibomoa dai hilo kwa njia mbalimbali. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo iliyotangulia, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Jiwe lilikuja baadaye, juu ya udongo, kwa mikono ya watu wale wale. Derek Nurse na Thomas Spear walifikia hitimisho kama hilo kwa ushahidi wa lugha katika kitabu chao cha mwaka 1985. Na mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya mwambao, Mtwapa ikiwemo. Ulionyesha kwamba watu hao walikuwa na asili mbili kuu zilizoanza kuchanganyika mnamo mwaka 1000: mama za mama zao walikuwa hasa Waafrika, na baba za baba zao kwa kiasi kikubwa walitoka Asia, hasa Uajemi. Wapo waliofurahi kwa nusu moja ya matokeo hayo na wapo waliofurahi kwa nusu ya pili. Mimi naona jambo la kiisimu ambalo halikupigiwa kelele: watoto wa ndoa hizo walizungumza lugha ya mama. Ingalikuwa lugha ya baba, makala haya yangalikuwa kwa Kiajemi.

Pale Gede ushahidi huo mtu anauona kwa macho, akionyeshwa pa kutazama. Nyumba za mawe zilizobaki ni za wachache. Watu wa kawaida waliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambazo zimerudi ardhini na sasa miti imeota juu yake. Sehemu kubwa ya vigae vilivyochimbuliwa ni ya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa. Mimi si mwanaakiolojia, lakini nilipoviona vyungu vya aina hiyo nilikumbuka jiko la nyanya yangu Kivaa, na nyumba yake ya udongo ambayo nayo sasa haipo. Kilichonikaa moyoni zaidi ni kisima kilicho karibu na msikiti mkuu. Kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa mara ya kwanza, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Vitabu vinataja pia kuzorota kwa biashara na hofu ya vita kama sababu za kuhamwa kwa mji. Mtu aliyekulia Masinga, akachota maji mchangani wakati wa kiangazi, huelewa sababu ya kisima bila kuelezwa.

Jambo la mwisho la Gede ni majina ya nyumba. Nyumba hizo hazina majina yaliyorithiwa. Kirkman aliziita kwa vitu alivyovikuta ndani yake, na majina yake ya Kiingereza ndiyo yaliyoenea katika ramani na vitabu. Tukiwa tumeketi kivulini tulijaribu kuyatia katika Kiswahili, tukidhani ni kazi ya dakika 5. Nyumba ya Mkasi, sawa. Nyumba ya Taa ya Chuma, sawa. Kisha tukafika kwenye nyumba mbili, moja iliyokutwa makombe madogo ya baharini na nyingine bakuli la Kichina, na tukakwama, kwa kuwa Kiswahili huviita vyote viwili kauri! Mmoja wetu alisema lugha yetu ni fukara. Mwingine akajibu kwamba Wataliano nao walilitumia neno "porcellana" kwa kombe hilo kabla ya kulihamishia kwenye vyombo vya Kichina, kwa sababu ya mng'ao ule ule, na kwamba Kiswahili kiliona kile walichokiona Wataliano. Tukaafikiana kuwa moja iwe Nyumba ya Simbi na nyingine Nyumba ya Bakuli la Kauri. Ile iliyokutwa kijisanduku cha pembe ya ndovu ilituletea ugomvi mkubwa zaidi. Je, ni kisanduku, kibweta au kijaluba? Ugomvi huo haujaisha, na wasomaji wanaojua zaidi wanakaribishwa. Siwezi kudai kwamba pembe ile ilibebwa na babu zangu. Karne ya 15 ni mbali. Lakini ndovu hakutoka baharini.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni fedha, nayo ni ya kweli. Hata hivyo, tulichangishana watu watano mafuta ya gari, viingilio na chakula, na kila mmoja alitumia kiasi kisichozidi alichotumia katika ile ziara ya basi, kwa kuwa hatukulipia hoteli wala sare za fulana. Asiye na binamu mwenye gari anaweza kupanda matatu ya Malindi na kushuka Mtwapa, Kilifi na Gede. Zote ziko kwenye barabara kuu au karibu nayo. Itamchosha, lakini atafika.

Hoja ya pili niliipata kutoka kwa mhadhiri mmoja ninayemheshimu. Alisema kwamba sisi ni watu wa lugha, tuwaachie magofu wanaakiolojia. Kwa heshima zote, nadhani hapo mwalimu wangu amekosea. Wanaakiolojia wamefanya kazi yao. Wamechimba, wamepima, wamechapisha, na wamechapisha kwa lugha walizozijua. Kazi iliyobaki, ya kuvipa vitu hivyo majina yake, kuyakusanya yale yaliyomo vinywani mwa wazee na kuandika maelezo ambayo mtoto wa Kilifi au wa Kivaa atayasoma bila mkalimani, si ya mwanaakiolojia. Kama si ya idara za Kiswahili, ni ya nani?

Kwa hiyo napendekeza kwa chama chetu jambo dogo. Badala ya ziara moja ya watu 60 kwa mwaka, fedha za ruzuku zigawanywe kwa makundi 12 ya watu watano watano. Kila kundi lichague mji au kijiji kimoja cha kale, liende na simu za kurekodia, lirudi na orodha ya maneno na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, na kurasa hizo zichapishwe katika jarida hili. Takaungu haijaguswa. Siyu ingali na mafundi. Watakaolalamika kwamba wamekosa kuimba ndani ya basi wataimba ndani ya matatu.

Nilirudi Kivaa likizo iliyofuata. Yule msichana alikuwa amemaliza shule na kwenda Thika kutafuta kazi, kwa hiyo sikuweza kumjibu. Niliingia darasa la mwalimu aliyenipokea, nikaombwa kuzungumza kwa kipindi kimoja, nikachora ubaoni nyumba yenye daka, misana na ndani. Mvulana mmoja aliuliza kama ndani kulikuwa na dirisha. Nikamwambia hapakuwa na dirisha, nimeingia.

Mwezi wa Agosti tunakwenda Kipini kuitazama Ungwana na mahali mto wetu unapoishia. Tuko wanne. Nafasi moja ingali wazi, na binamu ameshakubali kutoa gari.